Vipele Ukutani mwa Zahanati

Nyie mlioniomba niwaandikie mambo ya chokaa, someni mkiwa mmekaa. Mkisoma mnatembea mtatumbukia kwenye shimo, na shimo la chokaa halimbembelezi mtu. Mimi niliishia darasa la nne, na mjukuu wangu anasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyetoka kwenye tope. Sawa. Lakini nimekaa mdomoni mwa tanuri tangu nikiwa na mtoto mgongoni mpaka mtoto huyo naye akabeba wake. Nilichokishika kwa mkono nitakiandika kama nilivyokishika. Kile nilichoambiwa na waliosoma, nitasema kuwa niliambiwa.

Tuanze na mawe, maana hapo ndipo mnaponiudhi. Mnapanda kilimani mnarudi na kila kitu cheupe mlichokiona. Weupe si chokaa. Hata mfupa wa ng'ombe ni mweupe. Kwarua jiwe upate unga kidogo, kamulia ndimu juu yake. Ukitoa povu, jiwe hilo ni letu. Ukikaa kimya, rudisha ulikolitoa, usinijazie njia. Namonje alikuwa na ndimu kwenye pindo la kitenge siku zote, hata kanisani. Siku moja iliporomoka wakati wa sala ikaviringika mpaka miguuni pa mchungaji. Aliifuata, akaiokota, akarudi kukaa kama vile alikwenda kutoa sadaka.

Namonje ndiye aliyenifundisha. Tanuri lilikuwa la marehemu mume wake, akalishika yeye, na sisi wanawake wa kijiji tukajiunga naye mmoja mmoja, wengi wetu tukiwa hatuna kahawa ya kutosha kusomesha watoto. Nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na tanuri, ukitoka mlangoni unaona moshi kabla hujaona jua. Alikuwa mfupi, mkavu, hapendi maswali. Ukimuuliza kitu alikupa jiwe ushike.

Jiwe lililoiva, alikuwa akinipa na kuninyang'anya, akinipa na kuninyang'anya, mpaka mkono wangu ukajua. Linakuwa jepesi. Lilivyoingia ndivyo linavyotoka kwa ukubwa, ila uzito umeondoka, karibu nusu yake imekwenda na moshi. Ukigonga mawili pamoja, sauti yake ni butu, kama unagonga mkate mkavu. "Likitoka tanurini limepungua uzito, limeiva," alisema. "Likipungua na mwili, limeungua." Na lililoungua ukiligonga linalia kama chungu. Nilisikiliza, nikaitikia, nikadhani nimejua.

Kuna jambo lingine la kushika kabla sijasahau. Jiwe lililoiva bado halijawa chokaa ya ukutani. Hiyo ni chokaa kali. Lazima uizime kwa maji, na ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, inapasuka, inavimba, inakuwa unga. Kaa upande upepo unakotoka. Paka mafuta mikononi, funga kichwa, na macho yako yawe mbali. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi, mengi, kisha nenda kwa nesi. Usije kwangu kwanza kuniambia, mimi si nesi.

Mnacheka mkisikia inachemka bila moto. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Tunduma ambaye naye alicheka. Alitaka chokaa kali, haijazimwa, kwa sababu ni nyepesi na lori lingebeba nyingi zaidi. Namonje alimwambia mvua imekaribia. Yule bwana akasema, "Mama, mimi nina turubai." Kweli alikuwa nalo, lina matundu kama chekeche. Lori likafika Tunduma, likakuta foleni ya malori mpakani, na mvua ikanyesha. Tulisimuliwa na dereva mwenyewe, Mzambia wa pale Nakonde, alipokuja baadaye kutugombeza. Alisema magunia yalianza kutoa moshi, kisha yakavimba, kisha yakapasuka moja baada ya jingine kama bisi. Akaruka chini anapiga kelele, "Mayo! Umulilo!" yaani moto, mama yangu. Vijana wa mpakani wakaja mbio na ndoo za maji kumsaidia, na kila ndoo iliyomwagwa ikaongeza moshi. Uji mweupe ukatiririka barabarani. Wabadilisha fedha wakahama na viti vyao, viatu vimekuwa vyeupe kama vya bibi harusi.

"Mayo," dereva akamwambia Namonje, "mngeniambia nimebeba moto ningevaa buti."

"Ningekwambia, ungecheka kama tajiri yako," Namonje akamjibu, akampa kikombe cha togwa. Hakuna aliyeungua, ndiyo maana nawasimulia mcheke. Angeungua mtu nisingeisimulia hivi.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinapita njia ile. Saruji ikaanza kuja kwa malori. Watu wakasema chokaa imekufa. Mafundi vijana walitupita wakisema, "Bibi zetu, bado mnapika mawe?" Hatukufa. Wachimbaji wa Mkwajuni walihitaji chokaa kwenye kazi yao ya dhahabu. Wakulima wenye udongo mchachu walihitaji. Na nyumba za tofali za kuchoma, ukizipiga lipu ya saruji tupu inapata nyufa, ukichanganya chokaa inatulia. Fundi Sikanyika alilijua hilo. Huyu alikuwa fundi wetu wa kijiji, mtu mrefu, mwenye maneno, na kwa miaka yote yeye na Namonje walikuwa wanagombana. Namonje alikuwa akipita mahali anapopiga lipu, anasimama, anaweka kiganja ukutani, anasema, "Hapa umeharakisha." Sikanyika anasema, "Mama, shughulika na tanuri lako." Kesho yake unamkuta anabandua palepale na kurudia.

Sasa nifike kwenye zahanati, maana ndiyo mlitaka.

Kijiji kiliamua kujenga zahanati kwa nguvu za wananchi. Kabla ya hapo mjamzito alibebwa kwa baiskeli mpaka Ihanda na mbele zaidi, na wengine walijifungua njiani. Kila nyumba ilitoa tofali, mchanga, siku za kazi. Sisi wa tanuri tukasema tutatoa chokaa yote ya lipu na ya kupaka. Namonje mwenyewe alipanga mawe tanurini, makubwa chini, madogo juu, akiacha njia za moto. Akawasha. Moto ukiwa umekwishakolea, akasema anaumwa kichwa, akaenda kulala. Mtoto wake Edina alipompelekea uji, mama hakuamka tena.

Mnajua desturi yetu. Anayekuja msibani haji mikono mitupu, anakuja na gogo la kuni. Na moto wa msiba hauzimwi mpaka matanga yaishe, maana watu wanaukalia, na kuuzima mapema ni kama kumwambia marehemu, basi, nenda. Msiba ulikuwa palepale tanurini, nyumba iko hatua chache. Watu walikuja kutoka Mbozi yote, kila mmoja na gogo lake, miti ya porini migumu, mikavu. Ndipo Edina akasema, "Moto wa mama yangu ni ule alioacha ameuwasha." Hakuna aliyembishia. Nani angembishia? Mdomo wa tanuri ulitakiwa kuzibwa kwa udongo siku ile aliyofariki, ili moto ufe taratibu mawe yasiungue. Hatukuuziba. Kila gogo lililoletwa kumlilia Namonje tulilisukuma mle ndani, na tanuri likaunguruma mpaka matanga yakaisha. Watu walisema hawajawahi kuona msiba wenye moto wa heshima namna ile. Hata mimi nilisema.

Tulipolifungua, mawe yalikuwa madogo. Yamejikunja. Nilishika moja, likawa zito kuliko nilivyotegemea. Nikagonga mawili, yakalia. Aliyejua kusikiliza sauti ile ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika, na mimi masikio yangu siku ile yalikuwa na vilio tu. Tukamwaga maji. Kwa kawaida mawe yanapiga kelele papo hapo. Haya yalikaa kimya. Tukasubiri. Yakaanza polepole, kama mzee anayeamka, mengine yakapasuka, mengine hayakupasuka tukayaponda kwa nyundo, tukachekecha, tukafunga magunia. Mwenzetu mmoja akasema, "Hata mawe yana huzuni." Tukakubaliana naye, tukalia tena kidogo. Hivyo ndivyo tulivyoisoma alama ile.

Fundi Sikanyika akapiga lipu. Ukuta ukawa laini, mweupe, mzuri. Zahanati ikafunguliwa, ngoma zikapigwa, wali ukaliwa. Mvua zikaja.

Kabla hazijaisha nesi alianza kufagia vumbi jeupe kila asubuhi. Kisha tukaona ukuta una vipele. Mahali palipokuwa laini panainuka kidogo, kama chunusi, halafu panaruka, panabaki kishimo, na katikati ya kishimo kuna punje nyeupe. Kimoja, viwili, kisha ukuta mzima. Kipande kilidondoka kwenye mizani ya kupimia watoto, kingine kwenye bakuli la nesi la vifaa. Nesi akasema hawezi kuzalisha mtu chini ya ukuta unaotema mate. Akafunga chumba cha kujifungulia. Wajawazito wakarudi kwenye baiskeli.

Watu hawakukosa maneno. "Zahanati imepata tetekuwanga," walisema sokoni. "Ipelekwe hospitali." Vijana wa baiskeli wakaupa ukuta jina la Ugonjwa. Sisi wa tanuri tulipopita, kicheko kilikatika kisha kikaendelea nyuma yetu.

Mwenyekiti wa kijiji akatuita. Hakuwa mtu mbaya, lakini watu walichanga jasho lao na sasa walikuwa wanamuuliza yeye.

"Mama zangu," akasema, "kuna watu wanasema mlichanganya majivu. Wengine wanasema unga wa muhogo."

"Unga wa muhogo tungeula," nikamjibu.

"Sitanii, mama."

"Na mimi sitanii. Nani aache kula muhogo auweke ukutani?"

Akasema halmashauri ya kijiji imekaa. Tanuri lisiwashwe mpaka sababu ijulikane. Na isipojulikana, eneo lile na mawe yake atapewa mtu mwingine, kwa kuwa yupo tajiri anayelitaka. Tulipotoka pale nikawatazama wenzangu. Mmoja alikuwa na mtoto sekondari, mwingine alikuwa mjane, mwingine mume wake alikwenda Zambia kwa wiki mbili miaka mingi iliyopita. Tanuri lile ndilo lililokuwa mume wa wote.

Hapo anaingia Tusekile. Huyu ni binti wa Ihanda, baba yake mkulima wa kahawa, yeye akasoma mpaka chuo kikuu, kazi yake ni kuchunguza vitu vigumu, mawe, udongo, chokaa, kujua ndani yake vimejengwaje. Alikuwa amekwisha kuja kwetu kabla ya msiba kuchukua mawe kwa ajili ya utafiti wake, na Namonje alimpa jiwe ashike, akamnyang'anya, akampa tena, kama sisi. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa ndio zimefika na mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule. Nilipanda kichuguu kile, mimi mtu mzima, nikampigia. Nikamwambia njoo.

Alikuja. Akachokoa punje kwenye vishimo, akachukua lipu ya pembeni, akachukua chokaa iliyobaki kwenye magunia yetu, maana yalikuwapo bado mengi stoo. Akachukua na jiwe bichi kutoka kilimani. Kila kitu kwenye mfuko wake, hakuchanganya. Akaondoka. Tukangoja, na kungoja ukiwa unatazamwa ni kazi kuliko kubeba mawe.

Aliporudi, mwenyekiti aliita mkutano pale pale uwanja wa zahanati. Tusekile akatuamkia, "Shikamooni," tukaitikia, akasimama mbele ya ukuta ule wenye ndui. Niliogopa atatuongelea maneno ya chuo. Badala yake akaomba hindi. Mtu akamletea hindi kavu, akampa mwanamke mmoja mzee, akamwambia afumbe macho apitishe kidole.

"Ni mbegu gani, bibi?"

"Hii ya zamani. Ina safu nane. Hizi za dukani zina nyingi."

"Umejuaje na hujaona?"

"Safu zinasema."

"Basi na mashine yangu inafanya hivyo," Tusekile akasema. "Kitu kigumu, chumvi, chokaa, jiwe, ndani kimepangwa kwa safu, kidogo sana, jicho halioni. Nakisaga laini kuliko sembe, nakipiga mwale. Mwale ukigonga safu unarudi kwa pembe yake. Kila kitu kina pembe zake. Majivu yana zake, chokaa kali ina zake, chokaa iliyozimwa ina zake, jiwe bichi lina zake."

Naandika kama nilivyomwelewa. Mkitaka zaidi muulizeni yeye, yupo, anafundisha.

Akasema hakuona majivu. Hakuona unga wa aina yoyote. Mwenyekiti akatikisa kichwa, na mimi nilipumua kwa mara ya kwanza tangu masika. Akasema jiwe la kilimani ni safi, ni lilelile la siku zote. Lakini kwenye magunia, ndani ya unga, aliona chokaa kali ambayo haijazimika. Na kwa hadubini kubwa ya chuo aliziona punje zake. Chokaa nzuri, alisema, ndani ni kama andazi, ina matundu, maji yanaingia mara moja. Hizi punje zilikuwa zimejikaza, matundu yamefungwa. "Ni kama ukoko wa wali," akasema. "Umeuacha motoni ukashikana. Maji hayaupenyi siku ile. Mliuweka ukutani ukiwa mkavu, mvua ikaleta unyevu kidogo kidogo, na sasa ndio unazimika, humo humo ndani ya lipu. Ukizimika unavimba. Ukivimba unasukuma."

 Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Jiwe ni lilelile, tanuri ni lilelile. Moto wenu huu ulikuwaje? Mbona uliwaka sana namna hii?"

Sisi wa tanuri tukatazamana. Hapo tulielewa wote, kwa pamoja, kama watu waliosikia jina lao. Sasa fikirieni. Tukinyamaza, lawama itamwangukia Sikanyika, maana mwenyekiti alikwishamgeukia na kusema, "Fundi, kuhakikisha imezimika vizuri si kazi yako?" Tukisema, tunamtaja marehemu. Tunakiambia kijiji kizima kwamba msiba wa Namonje ndio uliofunga chumba cha kujifungulia. Kwetu maneno kama hayo yanabaki kwenye ukoo. Watoto wa Edina wangeitwa watoto wa ukuta. Nilikuwa nimefungua mdomo, sijui hata ningesema nini, Edina akanitangulia.

"Ulikuwa moto wa mama yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema usizibwe. Magogo yote ya msiba yaliingia mle."

Hakulia. Alisema kama anavyotaja bei.

Watu waliokuwa pale wengi walileta gogo kwa mikono yao, na nikaona wanahesabu kimoyomoyo. Mzee mmoja akasema taratibu, "Langu lilikuwa la mninga." Hakuna aliyemwangalia mwingine.

Sikanyika ndiye aliyetuokoa. Alikwenda ukutani, akaweka kiganja chake mahali palipoharibika zaidi, akakaa hivyo. "Namonje," akasema, "ulipokuwa hai ulinikosoa kutoka nje. Sasa unanikosoa kutoka ndani ya ukuta. Haya, nimesikia. Nilipoona wanaizima na haichemki vizuri nilipaswa kusubiri, nikaharakisha." Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Kisha Edina naye akacheka, na tulipomwona Edina anacheka tukaachia wote, mpaka nesi akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe. "Tumejua," akasema. "Lakini ukuta hauponi kwa kujua. Na chokaa iliyobaki ni ileile mbovu. Tuitupe?"

Tusekile akawageukia wanawake. "Mama zangu, ukoko mnautoaje kwenye sufuria?"

"Tunaloweka," wakajibu wengi, na waliposikia walichosema wakageuka kutazama upande wa stoo.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hiki ndicho nataka mkishike kuliko hadithi. Tulichimba shimo refu, tukalisakafia kwa mawe. Tukamwaga chokaa yote ya magunia mle, tukaweka maji mpaka yakafunika, tukafunika na majani juu yasikauke. Tulikuwa tunaikoroga kwa fimbo ndefu, tunaongeza maji, tunaiacha. Ilikaa kiangazi chote. Wengine walisema tununue saruji tumalize aibu. Edina alikataa. "Ni ya mama," alisema, "haitatupwa." Mimi nilimuunga mkono, si kwa huruma, ila kwa sababu ya jambo nililoona: kila tulipokoroga, uji ulikuwa unakuwa mzito na laini zaidi, kama mtindi. Chokaa ya kuzima leo na kupaka leo haiwi hivyo hata ikichomwa vizuri. Zamani wazee waliiweka shimoni muda mrefu. Ni sisi tuliozoea haraka, kwa sababu ya malori yanayongoja.

Tusekile alikuja akachota kidogo, akapeleka kwenye mashine. Punje kali bado zipo, akasema. Tukaendelea. Akaja tena baadaye, akachota, akapeleka. Aliponipigia nilikuwa shambani, nikakimbilia kichuguu na jembe begani. "Mama Nambeye," akasema, "zile safu za chokaa kali sizioni tena. Imezimika yote." Nikamwambia rudia, mtandao unakata. Mtandao haukuwa unakata. Nilitaka kusikia tena.

Tukachuja uji ule kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, punje yoyote iliyobaki ikabaki juu. Sikanyika akabandua ukuta mzima mpaka kwenye tofali, akalowesha tofali vizuri, akapiga lipu nyembamba kwanza, akangoja, akapiga nyingine. Safari hii hakuna aliyemwambia ameharakisha. Alikuwa anasimama mwenyewe, anaweka kiganja, anabandua, anarudia.

Mwenyekiti alituambia wazi: mvua zinyeshe kwanza. Ukuta ukitoa kipele, tanuri linaondoka mikononi mwenu. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu anayekupa nafasi bila kukupa masharti, kesho hakumbuki alikupa nini.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Paa lilinguruma, njia ya Tunduma ilikatika, malori yakalala. Kila wingu lilipojikusanya nilikuwa nakwenda zahanati kwa kisingizio. Leo kichwa, kesho mgongo. Nesi akachoka na mimi. "Mama Nambeye," akasema, "sema tu umekuja kuangalia ukuta, nikupe kiti." Akanipa kiti. Nilikaa natazama ukuta kama watu wanavyotazama runinga. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimefunguliwa tena, na mara nyingine nilisikia mtoto analia upande wa pili, nami sibandui macho ukutani.

Mvua zilipokatika mwenyekiti alikuja na halmashauri yake. Wakaingia chumba kwa chumba. Alivua kofia, akapitisha kiganja chake ukutani kutoka mlangoni mpaka dirishani, polepole, kama anapapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Akageuza mkono akautazama. Akarudia ukuta wa pili. Sisi tulisimama nje, Edina amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Akatoka. "Chomeni," akasema. Akavaa kofia yake akaenda zake.

Tulikaa chini kuamua namna ya kuchoma kuanzia siku ile. Hatukuiacha desturi, asije mtu akawaambia bibi zenu waliitupa. Moto wa msiba unawashwa nyumbani kwa marehemu, na magogo ya watu yanakwenda huko, yanachemsha maji na kupikia wageni. Tanuri lina moto wake na wakati wake, na lina mtu wa kulikalia hata kama kijiji kizima kinalia. Kazi hiyo ya kwanza aliiomba Edina. Ndiye aliyelikalia miaka mingi, na sasa anagonga mawe na kusikiliza kama mama yake, ila yeye anajibu maswali. Tusekile bado anakuja, siku hizi na wanafunzi wake. Wanajaribu kuchoma kwa maganda ya kahawa ili miti ipone, na wamekwisha kuharibu matanuri mawili madogo wakijaribu. La tatu limeiva. Nililigonga mwenyewe.

Sasa tanuri ni lenu, na mimi magoti yamekataa kilima. Kwa hiyo sikilizeni, maana hili sitalirudia. Siku mkisikia nimefariki na tanuri linawaka, kwanza mwende mkautazame moto. Abaki mmoja wenu, anayejua, wengine mje mlie. Msiniongezee hata gogo moja. Wakati wa kuziba mdomo ukifika, zibeni kwa udongo wa kutosha, hata kama ndio wakati wa kunizika. Mimi nitangoja.